Mwenye Hati na Mwenye Haki: Kisa cha Uwanja wa Anfield

Uwanja wa mpira una wenyewe wawili. Yuko mwenye hati, ambaye jina lake limeandikwa katika karatasi, na ambaye akitaka aweza kuuza, kupangisha au kufunga milango. Na yuko mwenye haki, ambaye hana karatasi yoyote ila tiketi yake mfukoni, lakini ambaye pasipo yeye uwanja ungekuwa konde la majani lililozungushiwa ukuta. Wakipatana hawa wawili, klabu husitawi. Wakigombana, hapo ndipo hujulikana ni nani kati yao aliye na nguvu za kweli.

Jambo hili latokea katika kila nchi ichezayo mpira, ila ni nadra kupata mahali ambapo limeonekana wazi, tena mara nyingi, kama Anfield, uwanja wa klabu ya Liverpool katika Uingereza. Vijana wetu wanaufahamu uwanja huo kwa kuutazama katika televisheni. Kila mwisho wa juma hujazana katika vibanda vya kuonyeshea mpira, fulana nyekundu mwilini, na majina ya wachezaji wanayataja kama watajavyo majina ya ndugu zao. Hapana ubaya wowote katika hayo. Lakini apendaye kitu yampasa ajue kilikotoka, na kisa cha Anfield kina mafunzo makubwa kuliko mabao.

UGOMVI WA KODI

Uwanja huo ulifunguliwa mwezi Septemba mwaka 1884, na timu ya kwanza kuuchezea haikuwa Liverpool. Ilikuwa Everton, ile ambayo hata leo ndiyo mshindani wake wa jadi katika mji ule ule. Everton ilizaliwa mwaka 1878 katika kanisa la Wamethodisti la St Domingo, ambalo vijana wake walicheza kriketi wakati wa joto wakatafuta mchezo mwingine wa kuwaweka pamoja wakati wa baridi. Klabu ilipokua ikakosa mahali pa kuchezea, tajiri mmoja aitwaye John Houlding, mwenye kiwanda cha bia na kiongozi wa siasa wa chama cha Conservative, aliitafutia kipande cha ardhi katika barabara ya Anfield. Ardhi ilikuwa ya mtengeneza bia mwenziwe, Bwana Orrell. Mwaka uliofuata Houlding aliinunua, na hapo mfadhili akageuka kuwa mwenye nyumba.

Everton ikafanikiwa. Watazamaji wakaongezeka, majukwaa yakajengwa, na mwaka 1891 klabu ikatwaa ubingwa wa Ligi ya Uingereza. Lakini kila klabu ilipopanda, kodi nayo ilipanda pamoja nayo. Katika muda wa miaka michache ilitoka pauni 100 kwa mwaka hadi kufikia pauni 250. Wachezaji walivalia nguo zao katika hoteli ya Houlding, na kinywaji kilichouzwa uwanjani kilikuwa kinywaji cha Houlding. Kwa maneno mengine, wanachama walikuwa wakifanya kazi ya kuunenepesha uwanja, kisha wakitozwa zaidi kwa sababu umenenepa.

Mwaka 1892 wanachama walichoka. Kiongozi wao alikuwa George Mahon, mpiga kinanda wa kanisa lile lile la St Domingo. Houlding alitaka klabu igeuzwe kampuni na iinunue ardhi kwa bei aliyoitaka yeye. Wanachama walikataa, wakafungasha virago vyao, wakavuka bustani ya Stanley Park na kujenga uwanja wao wenyewe upande wa pili, uitwao Goodison Park, ambao timu yao kubwa iliutumia hadi mwaka 2025.

Basi Houlding akabaki na ardhi, majukwaa, milango na hati yake, asiwe na timu. Alijaribu hata kulishika jina la Everton, akakataliwa. Hati ilikuwa mkononi mwake, lakini uwanja wenyewe ulikuwa umeondoka kwa miguu. Hapo ndipo alipounda klabu nyingine mwezi Machi 1892, akaiita Liverpool. Msaidizi wake John McKenna, mtu wa Ireland, akaenda Scotland kutafuta wachezaji, na wakaja wengi sana wenye majina yaanzayo na Mac hata watu wakaifanyia timu mzaha kwa jambo hilo.

Tusimdhulumu marehemu. Houlding alikuwa mtu wa bidii, na mwaka 1897 mji ule ulimfanya Meya. Pasipo ukaidi wake, Liverpool isingalikuwako. Lakini kufikia mwaka 1892 uwanja wa Anfield ulikuwa umekwisha kumfundisha kila atakayeumiliki baada yake kwamba watu wakiondoka, kilichonunuliwa ni udongo tu.

KILIMA KILICHOTOKA AFRIKA

Liverpool ilitwaa ubingwa wa Ligi mara ya kwanza mwaka 1901, na mara ya pili mwaka 1906. Kwa furaha ya ushindi huo wa pili, wakuu wa klabu waliamua kujenga jukwaa kubwa nyuma ya goli moja, mteremko mrefu wa ngazi ambapo watu wangesimama kwa maelfu. Mhariri wa michezo wa gazeti moja la mji ule, Ernest Edwards, akaliita Spion Kop, na tangu siku hiyo ulimwengu mzima walijua kwa jina la Kop.

Jina hilo ni la Kiafrika kwa mahali, ijapokuwa si kwa lugha. Spion Kop ni kilima kilichoko Natal, Afrika ya Kusini, na maana yake katika lugha ya Makaburu ni kilima cha kupelelezea. Mwezi Januari mwaka 1900 Waingereza na Makaburu walipigana juu yake usiku na mchana. Waingereza zaidi ya 300 waliuawa, na wengi wao walikuwa vijana wa vikosi vya Lancashire, jimbo la mji wa Liverpool. Mohandas Gandhi, ambaye baadaye aliongoza India katika kudai uhuru, alikuwapo katika vita hivyo pamoja na Wahindi wenzake wakibeba majeruhi kwa machela. Wageni wawili waligombea nchi ambayo wenyewe walikuwa watu wa tatu, na wenyewe hao hawakuulizwa neno. Lakini kwa mama wa Liverpool aliyepoteza mwana, kilima kile hakikuwa siasa, kilikuwa kaburi. Ndiyo sababu jina lilishika. Walioliita jukwaa lile Kop walikuwa wakiwakumbuka waliokufa, na pengine wengi wao hawakupata kutafakari ni nchi ya nani iliyofanywa makaburi.

Kop ikawa makao ya watu wa kazi. Liverpool ni mji wa bandari. Makuli, mabaharia, wapakia mizigo na mafundi wa meli ndio walioijaza. Hata mlingoti wa bendera usimamao karibu na jukwaa hilo ulitoka melini: ni mlingoti wa Great Eastern, meli iliyokuwa kubwa kuliko zote duniani ilipoelea mara ya kwanza mwaka 1858, na ambayo ilivunjwa vipande katika mto Mersey. Mwaka 1928 jukwaa lilipanuliwa na kuezekwa, likaweza kuchukua watu karibu 30,000 waliosimama bega kwa bega. Chini ya paa lile sauti ilirudi chini kama maji, na wachezaji wa timu ngeni walikiri kwamba goli lile lilikuwa gumu kulishambulia na gumu zaidi kulilinda.

WATOTO WA MIGODI

Uwanja haukosi mashujaa wake, na wa Anfield ni wengi. Katika miaka ya 1920 alikuwapo Elisha Scott, mlinda lango kutoka Ireland ya Kaskazini. Baada ya vita kuu ya pili alikuwapo Billy Liddell, winga wa Kiskoti, ambaye alicheza mechi 534 na kufunga mabao 228, na muda wote huo akifanya kazi yake ya uhasibu siku za wiki kama mtumishi mwingine yeyote. Timu ilimtegemea mno hata watu wakaliunganisha jina lake na jina la mji. Lakini mtu mmoja hawezi kubeba nyumba. Mwaka 1954 Liverpool ilishuka Daraja la Pili, ikakaa huko miaka minane.

Mwezi Desemba mwaka 1959 alikuja Bill Shankly. Alizaliwa mwaka 1913 katika Glenbuck, kijiji cha wachimba makaa ya mawe katika Scotland, na yeye mwenyewe aliingia mgodini akiwa kijana mdogo. Aliukuta uwanja umechakaa, uwanja wa mazoezi umejaa vichaka, na wachezaji wamekata tamaa. Hakuwafukuza wasaidizi aliowakuta. Bob Paisley, Joe Fagan na Reuben Bennett aliwaacha kazini, na wanne hao walikuwa wakikutana katika chumba kidogo cha kuwekea viatu, chini ya jukwaa kuu, wakiketi juu ya makreti na kuzungumza mpira. Kutoka katika chumba hicho, ambacho kasisi mwenye parokia maskini asingalikubali kukifanya ofisi, walitoka mameneja waliotawala mpira wa Ulaya.

Shankly hakuificha imani yake. Alikuwa mjamaa, na kwake ujamaa haukuwa kitabu. Ulikuwa ni kila mtu kumfanyia kazi mwenziwe na kila mtu kupata fungu lake katika matunda, kama ilivyokuwa mgodini na kama alivyotaka iwe uwanjani. Alipiga mwenyewe mashine ya chapa kuzijibu barua za wapenzi wa klabu. Mwaka 1973, siku ya kushangilia ubingwa, mtu mmoja wa Kop alitupa skafu yake uwanjani, na askari polisi akaisukuma kando kwa mguu. Shankly aliiokota, akaivaa shingoni, akamkemea askari, kwa kuwa kwa aliyeitupa ile skafu ilikuwa ni maisha yake. Msomaji na alitafakari jambo hilo dogo. Meneja yule hakuwa na hisa hata moja katika klabu, lakini alijua nani mwenye uwanja.

Chini yake Liverpool ilirudi Daraja la Kwanza mwaka 1962, ikatwaa ubingwa mwaka 1964, 1966 na 1973, na Kombe la FA kwa mara ya kwanza mwaka 1965. Alipojiuzulu ghafula mwaka 1974, Paisley alishika usukani bila kuupenda. Huyu naye alikuwa mtoto wa mchimba makaa, kutoka Durham, na kabla ya mpira alijifunza kazi ya uashi. Hakuwa msemaji. Katika miaka tisa alileta ubingwa wa Ligi mara sita na Kombe la Ulaya mara tatu, mwaka 1977, 1978 na 1981. Nje ya uwanja leo iko sanamu yake, na wachongaji hawakumwonyesha ameshika kombe. Wamemwonyesha amembeba mgongoni mchezaji aliyeumia, Emlyn Hughes, kama alivyopigwa picha mwaka 1968. Shankly naye ana malango yenye jina lake, yaliyofunguliwa na mjane wake mwaka 1982. Houlding, aliyekuwa na hati, aliupa uwanja ardhi. Wana wa migodi hawa waliupa heshima.

NANI ALIYEKARIBISHWA

Hata hivyo kusifu bila kupima ni unafiki. Kop iliimba juu ya udugu, nao udugu ule ulikuwa na mipaka. Mwishoni mwa karne ya 18 Liverpool ilikuwa bandari kuu ya Uingereza katika biashara ya watumwa, na utajiri wa majumba yake makubwa ulivushwa baharini juu ya migongo ya Waafrika. Kwa sababu hiyo mji ule una jamii ya watu weusi ambayo ni miongoni mwa zile za zamani zaidi katika Ulaya. Lakini tangu klabu iundwe mwaka 1892 ilipita miaka 88 kabla mtu mweusi hajavaa fulana yake katika timu ya kwanza. Huyo alikuwa Howard Gayle, mzaliwa wa mji huo huo, aliyeingia uwanjani mwaka 1980. Mwaka 2016 Gayle alitunukiwa nishani ya Dola ya Uingereza akaikataa, akisema kuipokea ingekuwa ni kuwasaliti Waafrika walioteswa na dola hiyo.

Mwaka 1987 alisajiliwa John Barnes, mzaliwa wa Jamaica, mchezaji hodari kuliko wengi waliopata kuukanyaga uwanja ule. Naye alirushiwa ndizi na washabiki wa upinzani, na akajibu kwa mguu wake wa kushoto hata waliokuwa wakinung'unika juu ya ujio wake wakalazimika kuliimba jina lake. Njia hiyo iliyofunguliwa kwa uchungu ndiyo waliyoipita baadaye Sadio Mané wa Senegal na Mohamed Salah wa Misri.

Nasi Waafrika wa Mashariki tuna fungu letu katika ngano za Anfield. Tarehe 7 Mei 1919 isingalimfikirisha mtu wa Kop kwamba karne moja baadaye, tarehe 7 Mei 2019, furaha yake ingetegemea kijana mwenye asili ya Kenya. Siku hiyo Liverpool iliikaribisha Barcelona ikiwa nyuma kwa mabao matatu ya mechi ya kwanza, na washambuliaji wake wawili wakubwa ni wagonjwa. Divock Origi, mwana wa Mike Okoth Origi aliyeichezea Harambee Stars kabla ya kuhamia Ubelgiji, alifunga bao la kwanza na la nne. Barcelona ilikwenda nyumbani imefungwa manne kwa bila, na wiki chache baadaye Origi akafunga tena katika fainali ya Madrid.

SIKU ZA MSIBA

Kuna mambo mawili ambayo mwandishi wa kisa hiki hawezi kuyaruka. La kwanza ni la aibu. Tarehe 29 Mei 1985, katika uwanja wa Heysel mjini Brussels, kabla ya fainali kati ya Liverpool na Juventus ya Italia, washabiki wa Liverpool waliwavamia wenzao. Ukuta ukaanguka, na watu 39 wakafa, wengi wao Waitalia. Uwanja ulikuwa mbovu, lakini ubovu wa ukuta hauwaondolei lawama waliovamia. Klabu zote za Uingereza zilifungiwa michezo ya Ulaya miaka mitano, na Liverpool miaka sita.

La pili ni la msiba na la dhuluma. Tarehe 15 Aprili 1989, katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, Liverpool ilikuwa ikicheza nusu fainali na Nottingham Forest. Polisi waliruhusu lango lifunguliwe, umati ukaelekezwa katika vizimba vya katikati ambavyo vilikwisha jaa, na mbele kulikuwa na uzio wa chuma. Watu walibanwa hadi kufa wakiwa wamesimama. Waliopoteza maisha, pamoja na wale waliofariki baadaye kwa majeraha yao, ni 97, wengi wao vijana, na wa mwisho alifariki mwaka 2021.

Kesho yake milango ya Anfield ilifunguliwa, na watu wakaingia kimya wakiwa na maua. Nyasi zikafunikwa kutoka goli la Kop hadi katikati ya uwanja. Kenny Dalglish, aliyekuwa meneja, alikwenda mazishini siku baada ya siku, mpaka afya yake ikadhoofika. Na likafanyika jambo ambalo George Mahon na John Houlding wasingaliliota: skafu zilifungwa moja kwa moja, nyekundu na buluu, zikavushwa katika bustani ya Stanley Park kutoka Goodison mpaka Anfield. Njia ile ile waliyoipita wanachama kwa hasira mwaka 1892 ikafanywa kamba ya kuunganisha ndugu katika kilio.

Lakini waliokuwa na madaraka walitaka kuwalaumu wafu. Polisi walisema uongo, gazeti moja la London likauchapa uongo huo ukurasa wa kwanza, na uchunguzi wa kwanza ukaamua kwamba vifo vilikuwa ajali. Familia za marehemu hazikukubali. Walidai ukweli kwa miaka 27. Mwaka 2012 jopo huru lilitoa nyaraka zilizoonyesha jinsi maelezo ya askari yalivyobadilishwa, na tarehe 26 Aprili 2016 baraza la wazee wa mahakama lilitamka kwamba waliokufa waliuawa kinyume cha sheria, na kwamba washabiki hawakuwa na kosa. Hata hivyo hakuna askari hata mmoja aliyehukumiwa kwa vifo vile. Haki ilipatikana nusu, na nusu hiyo ilipatikana kwa sababu akina mama na akina baba wa kawaida walikataa kunyamaza.

FEDHA NA WATU

Baada ya Hillsborough serikali iliamuru viwanja vikubwa viwe na viti kila mahali. Kop ya kusimama ilifungwa tarehe 30 Aprili 1994, na mahali pake likajengwa jukwaa la viti linalochukua watu wasiofikia nusu ya wale wa zamani. Usalama uliongezeka, nalo lilikuwa jambo la lazima. Lakini bei nayo ilipanda, na mtoto wa kuli ambaye baba yake alikuwa akiingia kwa senti chache akaanza kuutazama uwanja wa mtaani kwake katika televisheni. Mitaa ya kando haikupona pia: klabu ilinunua nyumba za jirani ili ipate nafasi ya kujipanua, na nyingi zikakaa tupu kwa miaka mingi zikiharibika huku majirani waliobaki wakiishi kama walio magofuni.

Mwaka 2007 klabu ilinunuliwa na Wamarekani wawili, Tom Hicks na George Gillett. Waliahidi uwanja mpya, lakini hawakuujenga. Waliloleta lilikuwa deni. Mwaka 2008 wapenzi wa klabu wakaunda chama chao, wakakipa jina la Shankly, wakaandamana na kuandika barua kwa mabenki. Mwezi Oktoba 2010, klabu ikiwa ukingoni mwa kufilisika, suala lilifika mahakamani, na Liverpool ikauzwa kwa Wamarekani wengine kwa pauni milioni 300.

Wamiliki hao wapya wamefanya mengi mema, nasi hatuna budi kuyataja. Waliukarabati uwanja wa zamani badala ya kuuhama, wakajenga upya jukwaa kuu mwaka 2016, na baadaye jukwaa la Anfield Road, hata sasa uwanja unachukua watu wapatao 61,000. Lakini hao nao iliwabidi wafundishwe somo la Houlding, tena mara mbili.

Mara ya kwanza ni mwanzoni mwa mwaka 2016, walipotangaza kwamba tiketi ya juu kabisa katika jukwaa jipya itakuwa pauni 77. Tarehe 6 Februari Liverpool ilikuwa ikicheza na Sunderland, na ilikuwa ikiongoza kwa mabao mawili. Ilipofika dakika ya 77, watu wapatao 10,000 waliinuka katika viti vyao wakatoka nje. Hawakuvunja kitu wala kumpiga mtu. Viti vilipobaki vitupu, timu ikalegea, na Sunderland wakasawazisha mabao yote mawili. Siku nne baadaye wamiliki waliomba radhi na kuifuta bei hiyo. Mara ya pili ni mwezi Aprili 2021, walipoitia klabu katika mpango wa ligi ya matajiri wa Ulaya bila kumwuliza mtu. Wale watundikao bendera katika Kop wakatangaza kwamba wanaziondoa, kwa kuwa hawawezi kuipamba klabu isiyowajua. Katika muda wa siku mbili mpango ukavunjika, na mmiliki akaomba radhi hadharani. Baadaye klabu ikakubali kuunda baraza la wapenzi ambalo lazima lishauriwe katika mambo makubwa.

Asiyesadiki haya na aukumbuke mwezi Julai mwaka 2020. Liverpool ilikuwa imetwaa ubingwa wa Ligi baada ya kuungoja miaka 30. Kwa ajili ya ugonjwa wa korona hapakuwa na watazamaji, na wachezaji waliinua kombe juu ya Kop iliyo tupu, fataki zikilia juu ya viti visivyo na watu. Hati ilikuwapo, kombe lilikuwapo, pesa zilikuwapo. Kila aliyetazama aliona kilichokosekana. Tarehe 27 Aprili 2025 klabu ilipotwaa ubingwa wake wa 20 katika uwanja ule ule ukiwa umefurika, watu wazima walilia machozi, kwa kuwa walikuwa wakidai deni la miaka mitano.

FUNZO LETU

Tumesimulia habari za mji wa mbali, lakini maneno yake yanatuhusu. Klabu ya Simba hapa Tanzania iliitwa Sunderland mpaka mwaka 1971, jina lililoazimwa kutoka huko huko Uingereza. Simba na Yanga zilikua kwa miongo mingi zikiwa mali ya wanachama, waliochanga kidogo walichokuwa nacho. Siku hizi wawekezaji wamekaribishwa, na kanuni za nchi zinataka wanachama wabaki na hisa zisizopungua asilimia 51. Hatumkatai mwenye fedha. Mpira wa leo hauendeshwi kwa mchango wa bakuli, na mwenye mtaji aletaye utaratibu mzuri yafaa ashukuriwe.

Rai yetu ni kwamba asilimia 51 iliyoandikwa katika karatasi haimlindi mwanachama asiyehudhuria mkutano, asiyeuliza hesabu, ambaye huikumbuka klabu siku ya kufungwa tu ili atukane. Watu wa Anfield hawakuwa na hata asilimia moja. Walichokuwa nacho ni umoja, subira, na ujasiri wa kuinuka kitini timu yao ikiwa inaongoza. Kwa hayo waliweza kuwarudisha nyuma watu wenye mamilioni.

Basi mwenye hati na aitunze hati yake, nayo sheria imlinde. Lakini ajue kwamba wako wenye haki, na kwamba hao wakiamua kuondoka hakuna mahakama iwezayo kuwarudisha.